Vidonda Vimepona, Mbona Bado Panawaka?

(Muziki wa kipindi unapungua.)

Leo naomba redio isogezwe karibu na kitanda cha mzee, maana maneno ni yake.

Tumfikirie bibi mmoja. Simtaji jina kwa sababu si mtu mmoja. Wako wengi kambini. Amepita miaka sabini. Alizaliwa visiwani, tuseme Chula, au Koyama, au Chovai. Akaolewa Kismayu, na vita vya 1991 vikamtoa kwa jahazi hadi Lamu, kisha Mombasa, kisha huku bara kwenye vumbi. Miezi minne iliyopita alitokwa na malengelenge upande wa kushoto, kuanzia mgongoni, yakazunguka ubavu hadi chini ya ziwa, kama mtu aliyefungwa nusu ya mshipi. Jirani mmoja akasema ni mdudu amemkojolea. Mwingine akasema ni jini. Malengelenge yakapasuka, yakakauka, maganda yakaanguka, pakabaki mabaka tu. Watoto wakashukuru Mungu kwamba mama amepona.

Lakini hajapona. Usiku halali. Leso ikimgusa ubavuni anashtuka kama aliyeguswa na kaa la moto. Upepo ukipita panachoma. Mjukuu wake aliyezoea kulala kifuani pake sasa anafukuzwa, na mtoto haelewi kosa lake. Chakula anakigusa tu. Amekwenda kliniki mara tatu, na mara zote tatu amesema, "Mbavu zaniuma," akapewa parasetamoli, akazimeza zote, zisimfae. Sasa binti yake ameanza kunong'ona na jirani kwamba mama anadeka. Na bibi amesikia.

Nasema na bibi huyu, na nasema na binti yake. Maumivu hayo ni ya kweli. Yana jina, yana sababu, na yana dawa zake, ambazo si zile alizopewa.

Ugonjwa wenyewe huitwa mkanda wa jeshi. Maumivu yanayobaki baada ya vidonda kupona, yakapita miezi mitatu bila kuondoka, ni maumivu ya mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na mkanda huo. Kadiri mtu anavyozidi umri ndivyo yanavyozidi kumwandama. Kijana huugua mkanda wa jeshi, akapona, akasahau. Mzee ndiye anayebaki na moto.

Chanzo chake ni tetekuwanga. Ukiugua tetekuwanga utotoni unapona, lakini kirusi chake hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, karibu na uti wa mgongo, kikalala humo miaka arubaini, hamsini, sitini. Kinga ya mwili ndiyo inayokilinda kisiamke. Mtu akizeeka, au akipata maradhi yanayodhoofisha kinga, kinaamka, kinateremka kwenye mshipa mmoja tu na kutokea kwenye ngozi pale mshipa huo unapoishia. Ndiyo maana malengelenge hukaa upande mmoja na hayavuki katikati ya mwili. Wapo wanaosema kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mtu hufa. Si kweli, na wazee wengi wamekosa usingizi kwa hofu hiyo peke yake.

Aliyetusaidia kulijua jambo hili alikuwa daktari wa kawaida wa mji mdogo huko Uingereza, jina lake Edgar Hope-Simpson. Alitaka kujua kama mkanda wa jeshi huambukizwa na mgonjwa mwingine wa mkanda, au hutoka ndani ya mtu mwenyewe. Mwaka 1953 akaenda kufanya uchunguzi katika kisiwa kiitwacho Yell, kaskazini mwa Scotland. Mtu wa Chovai hahitaji kuelezwa kwa nini kisiwa kinafaa kwa kazi hiyo. Kisiwani watu ni wachache, wanajuana, na nani aliugua nini mwaka gani ni habari inayokumbukwa. Kazi yake aliichapisha mwaka 1965, na hoja yake ikasimama hadi leo: mkanda wa jeshi ni tetekuwanga ile ile ya zamani iliyoamka. Haukutumwa na jirani. Haukuletwa na jini.

Na kwa nini panauma wakati ngozi imepona? Wazee mliovua kwa mshipi mtanielewa upesi. Umekaa ndani ya mashua, mshipi umeuzungusha kidoleni, na samaki akigusa chambo huko chini kidole kinapata habari. Mshipa wa fahamu unafanya kazi hiyo hiyo: ngozi ikiguswa na moto au mwiba, mshipa unapeleka habari kwenye ubongo. Sasa kirusi kimepita juu ya mshipa huo kikautafuna. Umekuwa kama mshipi uliokwaruzwa na miamba, unaovuta kidole usiku kucha na huku chini hakuna samaki. Ngozi haina kitu, lakini ubongo unapokea habari ya moto. Leso inagusa, habari inayofika ni kisu. Kwa hiyo bibi anaposema anaungua, hasemi uongo. Anasema kile hasa ambacho mshipa wake unamwambia.

Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini dawa za kawaida hazimfai. Parasetamoli haina madhara ikimezwa kwa kipimo, lakini kwa maumivu haya ni dhaifu. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za uvimbe, na pale ubavuni hakuna uvimbe. Mzee akizimeza wiki baada ya wiki anaweza kutokwa na damu tumboni na kuharibika figo, na moto ubaki pale pale. Sindano zinazouzwa mitaani ni hivyo hivyo. Prednisoloni, ambayo baadhi ya maduka ya dawa huitoa kwa kila maumivu, haiponyi mshipa ulioharibika, na humpandishia sukari mwenye kisukari.

Kuhusu kuchoma. Nalisema kwa heshima, kwa kuwa ni desturi ya muda mrefu kwetu na kwa majirani zetu, kuchoma kwa kijiti au chuma cha moto mahali panapouma. Kwenye mkanda wa jeshi mnachoma ngozi ambayo mshipa wake tayari unapiga kelele ya moto. Mnaongeza kidonda, mnaweza kuleta usaha, na maumivu huzidi. Kuchanja kwa wembe ni vivyo hivyo. Dua na kombe hazigombani na dawa. Mzee akitaka vyote viwili apewe vyote viwili. Chuma cha moto ndicho kisimkaribie.

(Muziki mfupi.)

Sasa dawa. Ile inayopatikana zaidi kwenye kliniki za kambi, na ambayo imetumika miaka mingi kwa maumivu ya namna hii, ni amitriptilini. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na si ghali. Lakini hapa pana mtego ambao umewapoteza wazee wengi, nami nataka tuufungue.

Amitriptilini ilianza kama dawa ya huzuni nzito. Basi bibi anarudi nyumbani na vidonge vyake, kijana aliyesoma anatazama jina kwenye simu, anasema, "Hii ni dawa ya wagonjwa wa akili." Bibi anavitupa. Anaona kliniki nayo imemwona mwongo, imempa dawa ya wazimu. Sivyo. Madaktari waligundua kwamba dawa hiyo, kwa kipimo kidogo, hutuliza mishipa ya fahamu inayopiga kelele ovyo, hata kwa mtu ambaye hana huzuni yoyote. Kipimo cha maumivu ni kidogo kuliko kile cha huzuni. Daktari anayekupa amitriptilini kwa ajili ya ubavu wako amekuamini kwamba unaumwa.

Mzee huanziwa chini kabisa, kwa kawaida miligramu 10 usiku. Mara nyingi vidonge vinavyopatikana ni vya miligramu 25, kwa hiyo usishangae ukiambiwa ukate nusu. Kisha kipimo huongezwa polepole, kila baada ya wiki moja au mbili, kadiri mwili unavyokubali. Anayeongeza ni daktari. Usijiongezee.

Jambo la pili linalowapoteza watu ni haraka. Parasetamoli tumeizoea: unameza, baada ya saa moja unajua kama imekusaidia. Amitriptilini haiendi hivyo. Usiku wa kwanza unaweza kupata usingizi tu, na usingizi huo si haba. Maumivu yenyewe huanza kupungua baada ya wiki mbili, tatu, pengine sita. Anayeacha siku ya tano kwa kuwa "haifanyi kazi" ameacha kabla kazi haijaanza. Na nisikudanganye: si kila mtu humfaa, na anayefaidika mara nyingi hubaki na maumivu kidogo. Tunachotafuta ni bibi alale, avumilie leso ubavuni, ale, ambebe mjukuu. Kwa wengi maumivu hupungua yenyewe miezi inavyopita. Kwa wachache hukaa miaka.

Madhara yake yajulikane mapema. Mdomo hukauka. Choo huwa kigumu, kwa hiyo maji, na matunda yakipatikana. Usingizi unaweza kubaki hadi asubuhi. Kinachosaidia ni kumeza saa moja au mbili kabla ya kulala, si wakati wa kulala wenyewe. Hatari kubwa kwa mzee ni kuanguka. Akiinuka ghafla usiku kwenda chooni kichwa kinazunguka, na choo cha kambi kiko mbali, njia ina mawe na kamba za mahema. Mzee aliyevunjika nyonga ana taabu kubwa kuliko ubavu unaowaka. Basi kwa wiki za mwanzo awekewe ndoo ndani, akae kitako kidogo kabla ya kusimama, tochi iwe chini ya mto, na mtu alale karibu naye. Akianza kuchanganyikiwa au moyo kumwenda mbio, arudishwe kliniki.

Kabla hajaanza, amwambie daktari kama ana maradhi ya moyo, kama ana presha ya macho, na kwa wanaume, kama mkojo hutoka kwa shida kwa sababu ya tezi dume. Wazee wa kiume husita kulisema hili la mwisho mbele ya muuguzi wa kike. Baba, liseme, au omba kuonana na mwanamume. Dawa hii inaweza kuufunga mkojo kabisa. Aseme pia kila kidonge anachomeza, hasa tramadoli, ambayo watu hujinunulia madukani. Tramadoli na amitriptilini zikikutana bila daktari kujua zinaweza kuleta degedege.

Wanaofunga Ramadhani hawapati taabu ya saa, kwa kuwa dawa humezwa mara moja tu, usiku. Lakini mdomo mkavu wakati wa saumu ni mtihani, na mzee mgonjwa ana ruhusa yake katika dini; azungumze na daktari na imamu wote wawili.

Kama amitriptilini haifai kwake, ipo gabapentini, ambayo asili yake ni dawa ya kifafa. Nayo huanzwa kidogo ikapandishwa, nayo huleta usingizi na wakati mwingine kuvimba miguu, na mwenye figo dhaifu hupewa kipimo kidogo. Haipatikani kila mahali. Katika nchi nyingine kuna bandeji zenye dawa ya ganzi na krimu iliyotengenezwa kwa kile kinachowasha ndani ya pilipili. Naitaja hiyo ya mwisho ili nikuombe jambo: asije mtu akasaga pilipili jikoni akampaka bibi. Krimu ile ina kipimo chake. Pilipili ya jikoni itambabua.

Nyumbani fanyeni madogo. Avae leso ya pamba iliyofuliwa mara nyingi ikalainika, si nguo ya nailoni. Wengine hupata nafuu leso ikikazwa ubavuni kidogo badala ya kuning'inia, kwa sababu kinachochoma zaidi ni nguo inayopapasa. Kitambaa cha maji baridi kwa dakika chache husaidia. Barafu, hapana.

Na mjukuu? Mrudishieni bibi yake. Malengelenge yakiwa bado na maji, maji hayo yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, na hapo huwekwa mbali na watoto wachanga na wajawazito. Maganda yakishakauka, hatari imekwisha. Bibi wa miezi minne haambukizi mtu. Ale sinia moja na wenzake. Mtoto akae upande wa kulia, basi.

Turudi kliniki, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. "Mbavu zaniuma" ni maneno ambayo daktari huyasikia mara hamsini kwa siku, kwa aliyebeba maji, kwa mwenye kikohozi, kwa aliyelala vibaya. Foleni ni ndefu na dakika ni chache. Bibi aanze na malengelenge: yalitoka lini, upande gani, yalikauka lini. Afunue aonyeshe mabaka. Kisha aeleze maumivu yalivyo, panawaka, au panachoma kama sindano, au panapita kama umeme, na kwamba nguo tu ikigusa hapavumiliki. Aseme analala saa ngapi. Aseme parasetamoli amemeza kwa muda gani bila nafuu. Maneno hayo yanamwonyesha daktari kwamba shida ni mshipa, si mbavu. Hapa kambini wauguzi wengi ni Wakenya wanaojua Kiswahili, kwa hiyo mzee wa Kibajuni aachiwe aseme mwenyewe. Binti, mfuate, ukae karibu, lakini usimfupishie maneno.

Akiambiwa apimwe sukari, au apimwe virusi vya ukimwi, asione ametukanwa. Yote mawili hudhoofisha kinga, na daktari makini huuliza. Wazee wengi hupata mkanda wa jeshi kwa uzee tu.

Kwa ambaye malengelenge yanatoka leo, haya yanamhusu zaidi kuliko yote niliyosema. Ipo dawa inayopigana na kirusi chenyewe, asikloviri, miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba, na kazi yake ni nzuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele kutoka. Hufupisha ugonjwa na kupunguza ukali, ingawa si dhamana kwamba maumivu hayatabaki. Mzee mwenye malengelenge ya upande mmoja asingoje wiki ijayo. Na yakitoka kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, aende siku hiyo hiyo, maana jicho linaweza kupofuka.

Wengine wenu mna jamaa Uingereza au Marekani ambao wamewatajia chanjo. Ni kweli ipo. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 2006, na nyingine yenye nguvu zaidi mwaka 2017. Huzuia mkanda usitoke. Haiondoi maumivu ambayo tayari yapo, kwa hiyo bibi wetu asiuze mgao wake kuitafuta.

Nimalizie na wanaorejea nyumbani. Tangu Desemba 2014 familia nyingi zimerudi Kismayu kwa mpango wa hiari wa UNHCR, na wengine wanajiandaa. Mzee anayetumia amitriptilini asiiache ghafla siku ya safari, maana atapata kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi, na maumivu yatarudi. Kabla ya kuondoka aende kliniki aombe dawa ya kumtosha safarini na wiki za kwanza, na aombe karatasi yenye jina la dawa, kipimo chake, na tarehe aliyoanza. Karatasi hiyo aifunge ndani ya nailoni pamoja na vitambulisho. Akifika Kismayu, aionyeshe Hospitali Kuu au kliniki iliyo karibu naye kabla vidonge havijaisha. Katika duka la dawa asikubali kubadilishiwa kwa kidonge kingine "cha maumivu" ambacho jina lake halimo kwenye karatasi.

Na kule daktari atamuuliza kwa Kisomali. Bibi wa visiwani huenda Kisomali chake ni kidogo. Neno moja litamfaa: aweke mkono ubavuni, aseme "gubasho." Maana yake ni kuungua.

(Muziki wa kufungia.)